Uzi maalumu: Tundu kuingia si diski kusoma (SATA, M.2, NVMe, USB na ndugu zao)

Bisibisi Kavu

Wakuu, salaam.

Maswali ya namna hii hayaishi humu: "SSD imeingia kwenye sloti lakini BIOS haiioni", "kasha limeandikwa USB 3, mbona linakopi taratibu", "diski ya seva inagoma kuingia kwenye kebo ya kawaida". (SSD ni diski isiyo na sahani za kuzunguka, BIOS ni programu inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows.) Nimeona nifungue uzi mmoja tubishane humu humu, maana karibu yote yana mzizi mmoja. Watu wanatazama umbo la tundu na kudhani wameshajua kinachopita ndani yake.

Diski ikiunganishwa na kompyuta kuna mambo matatu tofauti. La kwanza ni umbo: pini ngapi, na kile kipande cha plastiki kinazuia nini kisiingie. La pili ni njia inayobeba data: SATA, PCIe, USB. La tatu ni itifaki, yaani zile amri ambazo kompyuta na diski zinapeana: AHCI, NVMe, SCSI. Umbo moja linaweza kubeba njia mbili, na njia moja ikapita kwenye maumbo chungu nzima. M.2 ni umbo tu. NVMe ni itifaki. Mtu akiniambia "nina diski ya M.2" hajanieleza chochote zaidi ya mahali skrubu inapofungwa.

Nianze na IDE, njia ya zamani ya kuunganisha diski, kwa sababu mashine zake bado zinaletwa mezani watu wakitaka picha zao za zamani. Ilizaliwa katikati ya miaka ya 1980 mikononi mwa Western Digital, Compaq na Control Data. Kabla yake kidhibiti cha diski kilikaa kwenye kadi ya pembeni. Wao wakakihamishia kwenye diski yenyewe. Kebo yake ni ile bapa ya pini 40, biti 16 zinasafiri bega kwa bega. Ubaya wa safari hiyo ni kwamba kasi ikipanda nyaya zinaanza kuingiliana. Ndiyo maana kuanzia 66 MB kwa sekunde ililazimu kutumia kebo ya nyaya 80 ingawa pini zilibaki 40. Nyaya 40 za ziada hazibebi data hata kidogo. Ni ardhi, zimepenyezwa katikati ya wenzake ili kuwatenganisha. Pamoja na jitihada zote hizo IDE iliishia 133 MB kwa sekunde, na kebo isizidi sentimita 46 hivi.

SATA ilikuja 2003 na kufanya kinyume. Biti zinapita moja moja, jozi moja ya nyaya kwa kwenda na jozi moja kwa kurudi, ila kwa mwendo mkubwa. Pini 7 za data, pini 15 za umeme, kebo hadi mita 1. Ilianza na gigabiti 1.5 kwa sekunde, ikaja 3, kisha 6 mwaka 2009, na hapo ikakaa. Kwa diski inayozunguka hapo panatosha sana, kwani nyingi hazifiki hata 300 MB kwa sekunde. SSD ndizo zilizoijaza njia. Ukiona SSD ya SATA imegota 550 MB kwa sekunde, usiilaumu. Njia yenyewe ndiyo imeisha.

Suluhisho likawa kuichomeka SSD kwenye PCIe, njia ile ile ya kadi za michoro. Lakini njia mpya peke yake haikutosha, kwa sababu AHCI ilitungwa kwa ajili ya diski zinazozunguka: foleni moja, amri 32 basi. NVMe toleo la 1.0 ilitoka Machi 2011, ikaruhusu foleni hadi 65,535, kila moja na amri hadi 65,536. Hakuna anayezijaza zote. Faida yake ni kwamba kila kiini cha prosesa kinapewa foleni yake, hakisubiri wenzake. Ofisi yenye dirisha moja na ofisi ambayo kila mhudumu ana dirisha lake haziwezi kwenda sawa hata kama wateja ni wale wale.

Nitaendelea na USB chini. Wenye maswali karibuni.

Tumbili wa Juu

Nimekaa siti ya mbele kabisa. Mtu asije akanihamisha.

Mwana wa Kebo

Mkuu Bisibisi, hapo kwenye M.2 umenigusa. Sloti ya laptopu yangu ina kizuizi kimoja. SSD niliyopewa ina mikato miwili. Imeingia bila shida, nimefunga skrubu, BIOS haioni kitu. Imekufa au?

Bisibisi Kavu

Usiizike kwanza. Mikato ya M.2 ina majina ya herufi. Mkato B unaacha pini sita upande mdogo, mkato M unaacha pini tano. Zihesabu, huna haja ya kukariri kushoto na kulia. SSD yenye mikato yote miwili imetengenezwa iingie kwenye sloti ya B na ya M pia, na zilizo nyingi za namna hiyo ni za SATA. Chache ni za PCIe yenye njia ndogo mbili (lanes) tu.

Sasa sloti ya M kwenye laptopu yako inaweza kuwa imeunganishwa na PCIe peke yake. Plastiki imeikubali SSD, lakini hakuna waya wa SATA uliofika kwenye sloti hiyo. Angalia maelezo ya mashine yenyewe. Pakiandikwa "PCIe" tu bila kutaja SATA, hiyo SSD haitaonekana milele, na ni nzima.

Zile namba nazo, 2242, 2280, 2230: tarakimu mbili za mwanzo ni upana kwa milimita, zinazobaki ni urefu. 2280 ni upana wa milimita 22 na urefu wa 80. Hazisemi chochote kuhusu kasi. Na kama sloti ni fupi yenye mkato wa herufi E, hiyo ni ya kadi ya Wi-Fi, usiilazimishe.

Mwana wa Kebo

Nimeangalia. Imeandikwa PCIe tu. Kwa hiyo nimekwama?

Bisibisi Kavu

Itafutie kasha la USB la M.2 linalokubali SATA, uitumie kama diski ya nje. Soma vizuri maelezo ya kasha, maana yapo ya NVMe pekee na ya SATA pekee, na kwa nje yanafanana. Yapo pia yanayokubali zote mbili. Chipu ya RTL9210B kwa mfano inafanya hivyo.

Nukta Sifuri

Samahani kwa kuharibu sherehe. Nadhani hizi NVMe zinakuzwa kupita kiasi. Nimebadilisha kutoka SSD ya SATA kwenda NVMe, nikifungua kivinjari na kuandika nyaraka sioni tofauti. Karatasi inasema kasi mara sita. Macho yangu hayaoni.

Bisibisi Kavu

Macho yako hayana kosa. Kasi ya karatasi ni ya kukopi faili moja kubwa kwa mstari ulionyooka. Kufungua programu ni kuokota vipande vidogo vidogo vilivyotawanyika, na hapo kinachohesabika ni muda wa kusubiri kipande kimoja.

Piga hesabu ya diski ya mizunguko 7,200 kwa dakika. Hiyo ni mizunguko 120 kwa sekunde, mzunguko mmoja milisekunde 8.3. Kwa wastani data unayoitaka iko nusu ya mzunguko mbele, kwa hiyo unasubiri milisekunde 4.2 kabla hujahesabu mkono wa kusomea unaohama kutoka mstari mmoja hadi mwingine. SSD yoyote, hata ya SATA, inajibu ndani ya sehemu ndogo ya milisekunde moja. Ndiyo maana kutoka diski inayozunguka kwenda SSD mtu anahisi kapewa mashine mpya, lakini kutoka SSD kwenda SSD anahisi kapewa stika.

NVMe inajilipa kwa anayehariri video, anayeendesha mashine pepe kadhaa, anayehamisha mafaili makubwa kila siku. Wa barua na vivinjari, SATA inamtosha. Sibishani na wewe.

Mhariri Kivuli

Mimi nabisha kidogo. Mashine nyingi mpya hazina hata nafasi ya diski ya inchi 2.5, zina M.2 ya PCIe tu. Kwa hiyo kusema "SATA inatosha" ni sawa kwa mwenye mashine ya zamani, mwenye mpya hana pa kuichomeka. Halafu kuna jambo la joto: NVMe za kasi zikifanya kazi mfululizo zinapata moto na kujipunguza kasi zenyewe. Hariri ya video ya muda mrefu ndiyo inayoonyesha hilo. Bati la kupoozea si pambo.

Bisibisi Kavu

Kweli kabisa, na hilo la joto ni la maana. Ile stika iliyobandikwa kwenye bati usisahau kuitoa ngozi ya chini.

Swali Dogo

Jamani, SATA ni gigabiti 6 kwa sekunde. Baiti moja ni biti 8. Sita gawanya kwa nane ni 750 MB. Mbona kila mahali inaandikwa 600? Nani anakula hizo 150?

Pini Saba

Hilo nalijibu mimi. SATA inatumia mfumo wa kusimba ambapo kila biti 8 za data zinasafirishwa kama biti 10. Zile mbili za ziada zinasaidia mpokeaji asipoteze mapigo ya saa na kuweka uwiano wa sifuri na moja. Kwa hiyo unagawanya kwa 10, si kwa 8: 6,000 kwa 10 ni 600. Ukiondoa na mazungumzo ya itifaki unabaki na zile 550 na kitu.

PCIe ya kizazi cha 1 na cha 2 ilikuwa na utozaji huo huo. Kuanzia kizazi cha 3 wakahamia biti 128 ndani ya 130, hasara ikashuka kutoka asilimia 20 hadi chini ya 2. Ndiyo sababu kizazi cha 3 kiliongeza mapigo kutoka 5 hadi 8 tu lakini kasi halisi ikakaribia maradufu. Kwa njia ndogo nne (lanes), ambazo ndizo za SSD ya M.2, kizazi cha 3 ni karibu GB 3.9 kwa sekunde, cha 4 ni 7.9, cha 5 ni 15.8. Ukiichomeka SSD ya kizazi cha 4 kwenye mazabodi ya kizazi cha 3 inafanya kazi vizuri, kwa kasi ya aliye mdogo.

Swali Dogo

Nimeelewa kuliko mwalimu wangu wa chuo alivyonielewesha. Shukrani mkuu.

Bisibisi Kavu

Haya, USB. Hapa vuta pumzi.

USB ya kwanza ilitoka 1996, ikiwa na megabiti 1.5 na 12 kwa sekunde, kwa ajili ya kibodi, kipanya na printa, vitu ambavyo hadi wakati huo kila kimoja kilidai tundu lake. 2.0 mwaka 2000 ikaleta megabiti 480. 3.0 mwaka 2008, gigabiti 5. Mpaka hapo mtoto wa darasa la tatu anaelewa. Kisha ukaanza utani. Ilipokuja 3.1 mwaka 2013 na gigabiti 10, ile 3.0 ikabatizwa upya kuwa 3.1 Gen 1. Ilipokuja 3.2 mwaka 2017 na gigabiti 20, ile 3.0 ikabatizwa tena: 3.2 Gen 1. Kitu kile kile, gigabiti 5 zile zile, majina matatu. Kwa hiyo kasha likiandikwa "USB 3.2" kwa herufi kubwa usishangilie. Tafuta namba ya gigabiti: 5, 10 au 20. Hiyo haina ujanja.

Type-C nayo ni umbo. Ina pini 24, inaingia juu chini, haikuahidi kasi yoyote. Kebo nyingi za kuchajia simu zina ncha za Type-C pande zote mbili lakini ndani zina nyaya za USB 2.0 tu. Ukiunganisha nazo NVMe ya nje unapata kama MB 40 kwa sekunde na kuanza kuitukana diski.

Kwa anayetumia Linux, amri ya lsusb -t inamaliza ubishi. Ukiona 480M pembeni ya diski yako, uko kwenye USB 2.0 hata kama tundu ni la bluu. Ukiona 5000M au 10000M, uko sawa. Pale pale tazama neno la draiva: likiwa usb-storage, kasha linatumia mtindo wa zamani wa amri moja kwa wakati mmoja, likiwa uas, linaweza kupanga amri nyingi pamoja. Kwa SSD tofauti inaonekana, hasa kwenye vifaili vidogo.

Tumbili wa Juu

Bluu ndiyo USB 3, si ndiyo?

Pini Saba

Mara nyingi, ila rangi si sheria. Wapo watengenezaji wanaopaka wanavyotaka. Chungulia ndani: USB 3 ya umbo la Type-A ina pini nne za mbele na tano nyingine kwa nyuma. Na hapa kuna kichekesho. Ukiichomeka taratibu mno, zile nne zinagusa kwanza, kompyuta inasalimiana na kifaa kama USB 2.0 na wakati mwingine inabaki hapo hapo. Ichomoe, ichomeke kwa mkono mmoja thabiti. Watu wanadhani nawatania nikiwaambia hivyo.

Dada wa Kumbukumbu

Naombeni msaada. Diski ya nje ya inchi 2.5, inayozunguka. Nikiichomeka mbele ya kasha la kompyuta ya mezani inalia tik, tik, inaonekana kidogo, inapotea. Kwa nyuma inafanya kazi. Ina nyaraka za familia.

Bisibisi Kavu

Dada, kwanza kopi hizo nyaraka leo ikiwa imechomekwa nyuma, mengine baadaye.

Mlio huo kwa hali uliyoeleza unaashiria umeme kupungua. USB 2.0 imepangiwa kutoa miliampia 500 kwa volti 5, USB 3.0 miliampia 900. Diski ya inchi 2.5 inapoanza kuzungusha sahani zake inaweza kuhitaji karibu ampia nzima kwa sekunde chache. Matundu ya mbele yanafikiwa kwa waya mwembamba mrefu kutoka kwenye mazabodi, volti zinashuka njiani, diski inashindwa kuzunguka, inajaribu tena. Kebo ndefu au kebo dhaifu inaleta mlio ule ule. Tumia tundu la nyuma na kebo fupi, au habu yenye umeme wake.

Ikianza kulia hata kwa nyuma, basi hilo si la kebo tena. Izime na usiendelee kuijaribu jaribu.

Diski za inchi 3.5 hazina mjadala huu: zinataka volti 12, na tundu la kawaida la USB linatoa 5. Ndiyo sababu makasha yake karibu yote yanakuja na adapta ya ukutani.

Dada wa Kumbukumbu

Nimekopi zote. Asante sana kaka, ubarikiwe.

Mzee wa Tepu

Vijana, mmeruka SCSI kana kwamba haikuwepo. Sisi tulikaa nayo kwenye vyumba vya seva. Mzizi wake ni SASI ya Shugart Associates, ikawa kiwango rasmi 1986. Kila kifaa kilipewa namba yake, kidhibiti mara nyingi kilichukua namba 7, na mwisho wa mnyororo sharti uweke kizibo cha umeme ili mawimbi yasirudi nyuma. Ukisahau kizibo, diski zilipotea na kurudi bila mpangilio. Skana, tepu, diski, CD, vyote kwenye mnyororo mmoja.

Na haijafa. Amri za SCSI ndizo zinazopita ndani ya kebo yako ya USB kila unapochomeka flashi.

Bisibisi Kavu

Shikamoo mzee. Hilo la mwisho wengi hawalijui, na linajibu swali la diski za seva. SCSI ilivyoacha kebo pana na kwenda biti moja moja ikawa SAS, sasa gigabiti 12 kwa sekunde na zaidi. Umbo la SAS linafanana sana na la SATA, ila pale SATA ilipoacha pengo kati ya data na umeme, SAS imejaza plastiki, na upande wa pili wa kipande hicho kuna pini za mlango wa pili wa data. Kwa hiyo kidhibiti cha SAS kinaipokea diski ya SATA bila tatizo. Kinyume chake hakiwezekani: diski ya SAS haiingii kwenye kebo ya SATA, na ukiona mtu kapata adapta ya plastiki akailazimisha, kidhibiti cha SATA bado hakitaielewa. Kinachotakiwa ni kadi ya SAS ya PCIe.

Mzee wa Tepu

Marahaba. Ongeza na hili: diski nyingi zilizotolewa kwenye mifumo mikubwa ya kuhifadhia zimefomatiwa kwa sekta (vile vipande vidogo vya kuhifadhia data) za baiti 520, si 512. Kadi inaiona, mfumo unakataa kuitumia, na mtu anadhani mbovu. Kwenye Linux sg_format inairudisha kwenye 512. Inachukua saa nyingi, na umeme usikatike katikati.

Nukta Sifuri

Mimi kuna jambo la ajabu. Nikichomeka diski ya nje ya USB 3, kipanya changu kisichotumia waya kinaruka ruka. Nikichomoa, kinatulia. Virusi?

Pini Saba

Hapana. Mawimbi ya USB 3 ya gigabiti 5 yanamwaga kelele ya redio kwenye eneo pana, pamoja na karibu na gigahezi 2.4, ambapo ndipo kipanya chako kinapozungumza na kipokezi chake. Intel walichapisha maelezo ya jambo hili 2012. Kipokezi kikiwa tundu la jirani na diski kinazidiwa. Kihamishie upande mwingine wa mashine, au kitoe mbali kwa kebo fupi ya kurefushia. Kebo ya diski yenye kinga mbovu inazidisha.

Nukta Sifuri

Nimekihamisha upande wa kushoto. Kimetulia. Nilikuwa karibu kufuta Windows nzima.

Fungua Kasha

Mada nyingine. Nimetoa diski ya inchi 3.5 kwenye kasha lake la USB nikaiweka ndani ya kompyuta ya mezani. Haizunguki kabisa. Nikiirudisha kwenye kasha inafanya kazi.

Bisibisi Kavu

Pini ya 3 ya kebo ya umeme. Kwenye SATA za zamani pini tatu za mwanzo zilikuwa za volti 3.3, ingawa karibu hakuna diski iliyozitumia. Toleo la SATA 3.3 likaipa pini ya 3 kazi mpya: ikipata volti, diski inajizima. Ni ya manufaa kwenye seva, ambako diski iliyoganda inawashwa upya kutoka mbali bila mtu kuigusa. Pawa saplai ya zamani inaipa pini hiyo volti 3.3 muda wote, na diski inatii amri: inakaa kimya.

Watu wanaziba pini hiyo kwa utepe wa Kapton, usiopitisha umeme, au wanatumia adapta kutoka kwenye tundu la Molex la pini nne, ambalo halina volti 3.3 kabisa. Ukienda njia ya Molex, zikimbie zile adapta ambazo kichwa chake cha SATA kimemiminwa plastiki kikafungwa moja kwa moja. Ndani nyaya zinaweza kusogeleana hadi kugusana, na zina sifa mbaya ya kuungua. Chukua zile ambazo kila waya unaonekana umebanwa kwenye pini yake.

Fungua Kasha

Utepe umefanya kazi, inazunguka. Ila sasa Windows inasema haijafomatiwa, na ina data!

Bisibisi Kavu

USIIFOMATI. Bonyeza hapana.

Ile bodi ndogo ya ndani ya kasha si waya tu, ni mkalimani kati ya USB na SATA. Baadhi yake zinaionyesha kompyuta sekta za baiti 4,096 wakati diski ukiisoma moja kwa moja inaonyesha 512, kwa hiyo jedwali la pateshini linasomwa mahali pasipo pake. Nyingine zinasimba data yote ndani ya chipu hata kama hukuweka nywila. Katika hali zote mbili data ipo, ila inaeleweka kupitia bodi ile tu. Irudishe kwenye kasha, hamisha kila kitu kwingine, ndipo uilete ndani na kuifomati upya. Na kabla ya kufungua kasha lolote la inchi 2.5, fahamu kwamba kuna diski ambazo tundu la USB limechomelewa kwenye diski yenyewe. Hazina SATA ya kuchomeka popote.

Mhariri Kivuli

Kabla uzi haujapoa: Thunderbolt vipi? Ina umbo lile lile la Type-C.

Pini Saba

Umbo lile lile, ila ndani inabeba PCIe. Ya 2011 ilikuwa gigabiti 10 na umbo la Mini DisplayPort. Ya 3, mwaka 2015, ikahamia Type-C na gigabiti 40. NVMe ukiiweka kwenye kasha halisi la Thunderbolt, kompyuta inaiona kama NVMe, si kama diski ya USB. USB4 ya 2019 imejengwa juu ya Thunderbolt 3. Tafuta alama ya radi pembeni ya tundu. Ukichomeka kasha la Thunderbolt pekee kwenye Type-C ya kawaida, kimya.

Mzee wa Tepu

FireWire, kebo ya enzi zetu, ilifanya mengi ya hayo 1995. Naishia hapo, nisije nikaitwa mzee.

Tumbili wa Juu

Kompyuta ya mezani ya zamani kidogo, haina M.2. Nikipata kadi ya kuchomeka NVMe kwenye PCIe nitawasha Windows kutoka humo?

Bisibisi Kavu

Kuhifadhi mafaili, ndiyo. Kuwasha, inategemea kama BIOS yake ina draiva ya NVMe, na za zamani nyingi hazina. Njia ya katikati ni kuacha kiwashio kwenye SSD ndogo ya SATA na mfumo ukakaa kwenye NVMe. Kwa Linux ni rahisi, kwa Windows kuna kazi.

Kwa wenye mashine mpya tatizo linageuka: kisakinishi cha Windows hakioni NVMe kabisa. Mara nyingi BIOS imewashwa VMD au RST, mifumo ya Intel ya kusimamia diski. Mpe kisakinishi draiva yake, au uizime kama unaanza upya. Usiibadilishe juu ya Windows ambayo tayari inafanya kazi bila maandalizi. Utakutana na skrini ya bluu ya INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Na mwenye mazabodi ya mezani asome kijitabu chake: kwenye bodi nyingi ukijaza sloti fulani ya M.2, matundu mawili ya SATA yanazimwa. Diski "inakufa" siku ile ile uliyoongeza nyingine.

Swali Dogo

La mwisho langu. Kompyuta inaganda sekunde kadhaa, kisha inaendelea. Nimesoma SMART, ile rekodi ya afya ya diski, kila kitu kizuri, ila namba 199 inasema UDMA CRC Error Count na ina thamani kubwa. Ninunue diski nyingine?

Bisibisi Kavu

Badilisha kebo ya data kwanza. 199 inahesabu mara ambazo data iliharibika njiani kati ya diski na kidhibiti. Sahani zenyewe hazihusiki. Kebo iliyokunjwa kwa pembe kali au iliyolegea kwenye tundu ndiyo mshukiwa wa kwanza, tundu la mazabodi la pili. Ingekuwa 5 au 197, zile za sekta mbovu, ndizo zinapanda, ningekuambia ukopi data usiku huu.

Swali Dogo

Nimebadilisha kebo. Haigandi tena, lakini 199 bado ni ile ile, haijarudi sifuri.

Bisibisi Kavu

Hairudi. Inaongezeka tu, haifutiki. Iandike pembeni, uiangalie tena baada ya kukopi faili kubwa. Ikibaki palepale, kebo ndiyo ilikuwa shida. Ikipanda, hamia tundu lingine la SATA.